Mgomo wa mabasi Montgomery 1955: ilishinda miguu ya watu au mahakama?

BajajiMwanga (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Mimi naendesha bajaji hapa Kigoma, kituo changu Mwanga. Kuna ubishi umezuka kijiweni tangu tulipokuwa tunasubiri abiria wa treni, treni ikachelewa kama kawaida yake, maneno yakaanza. Mpaka leo haujaisha.

Mmoja wetu anasema watu weusi wa mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, walisusia mabasi zaidi ya mwaka mzima hadi wakubwa wakasalimu amri, na kisa ni mama mmoja, Rosa Parks, aliyekuwa amechoka akakataa kumpisha mzungu kiti. Mwingine, huyu alimaliza kidato cha sita basi hatupumui, anasema hizo ni porojo, kilichomaliza kazi ni hukumu ya mahakama, kutembea kulikuwa mbwembwe tu.

Mimi swali langu ni la mtu anayekula kwa nauli. Hapa nauli ikipanda abiria ananuna siku mbili, ya tatu anapanda, maana Ujiji hadi mjini kwa mguu na ndoo ya dagaa kichwani si mchezo. Sasa hao wenzetu walifikaje kazini muda wote huo? Nani alilipa mafuta? Na huyo mama ni kweli alikuwa amechoka tu?

Wajuzi karibuni. Wa siasa za vyama wapite kushoto.

Mzee wa Relini (Tabora)

Mwangaluka wote. Mwanangu wa Mwanga, nianze na hilo la kuchoka, maana linaniudhi. Rosa Parks mwenyewe alilikanusha. Alikuwa na miaka 42, fundi wa kushona katika duka kubwa la nguo, lakini jioni alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Kiangazi cha mwaka huohuo 1955 alihudhuria mafunzo ya wanaharakati huko Tennessee, shule ya Highlander. Na dereva wa siku ile, James Blake, alishawahi kumshusha kwenye basi mwaka 1943. Huyo si mama aliyeamka siku moja akakasirika.

Mimi ni mstaafu wa reli, nilikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala. Kwa hiyo jina ninaloanza nalo si Martin Luther King, mchungaji aliyekuja kuuongoza mgomo. Ni E. D. Nixon, mhudumu wa mabehewa kama mimi.

Kule mabehewa ya kulala yalikuwa ya kampuni ya Pullman, na wahudumu karibu wote walikuwa weusi. Kazi ile naijua. Unatandika vitanda behewa likiyumba, unamwamsha abiria wa Kaliua usiku wa manane, asipoamka akapitilizwa lawama ni zako. Wao walikuwa na ya ziada: abiria walimwita kila mhudumu "George", jina la mwenye kampuni, eti kama mali yake. Na kiwi ya kung'arishia viatu vya abiria kuna miaka walikuwa wanainunua kwa mshahara wao wenyewe. Mwaka 1925 wakaanzisha chama cha wafanyakazi chini ya A. Philip Randolph. Kampuni ikafukuza watu, ikapandikiza wapelelezi, na mkataba haukupatikana hadi 1937. Miaka 12! Hata sisi tuliokulia kwenye habari za mgomo wa reli wa 1960 hapa Tanganyika, hiyo miaka 12 inatutoa jasho.

Randolph huyohuyo mwaka 1941 alimtishia Rais Roosevelt kwamba atamwaga maelfu ya watu weusi Washington. Roosevelt akatia saini amri ya kuzuia ubaguzi wa ajira kwenye viwanda vya vita, maandamano yakaahirishwa. Yalikuja kufanyika Agosti 28, 1963, yale makubwa mnayoyaona kwenye picha, na kinara wake alikuwa mzee huyu akiwa na miaka 74.

Nixon alikuwa mwenyekiti wa chama cha wahudumu hawa pale Montgomery. Humo ndimo alimojifunza kuitisha kikao, kukusanya ada, kuandika risiti, kutunza siri. Rosa Parks alipokamatwa Alhamisi, Desemba 1, 1955, Nixon ndiye aliyekwenda kumwekea dhamana. Kesho yake alfajiri akaanza kuwapigia simu wachungaji, akiwemo kijana mgeni mjini wa miaka 26, Martin Luther King. Kikao cha kwanza Nixon mwenyewe hakuhudhuria. Alikuwa na zamu kwenye treni! Niliposoma hapo nilicheka peke yangu.

Usiku ule wa kukamatwa kuna mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, aliyeingia ofisini na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakarudufu makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwaambia watu Jumatatu wasipande basi. Walimu wa zamani mnaikumbuka mashine ya stensili, wino unavyoganda kwenye vidole. Kikundi chake cha akina mama kilikuwa na mpango wa kususia mabasi muda mrefu kabla, walikuwa wanasubiri siku.

Sasa mafuta na usafiri. Mwanzoni teksi za weusi zilibeba watu kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Jiji likafufua sheria inayosema teksi isitoze chini ya senti 45. Basi wakahamia magari ya watu binafsi, mbinu waliyoichukua kwa wenzao wa Baton Rouge, Louisiana, waliosusia mabasi mwaka 1953. Yalifika magari kama 300. Vilipangwa vituo vya asubuhi mitaani na vituo vya jioni, na mjini kulikuwa na uwanja wa kuegeshea magari uliokuwa kama stesheni yao kuu. Makanisa yakanunua magari mengine. Wewe wa bajaji utaelewa kilichofuata: trafiki wakatanda barabarani, taa, spidi, kituo, kila kosa. Huyo mwalimu Robinson aliandikiwa faini 17. King alikamatwa kwa kwenda maili 30 penye 25. Halafu kampuni za bima zikafuta bima za magari yale moja baada ya nyingine, hadi wakaipata kwa Lloyd's ya London kupitia wakala mweusi wa Atlanta.

Na wengi walitembea kweli. Watu wazima, wapishi na wafanyakazi wa ndani.

Mama Nuru wa Gungu

Shikamoo mzee. Umesema vizuri ila mafuta bado hujayalipa, umeyaruka kiume. Pesa nyingi zilichangwa kanisani na nyingine zilitoka mbali, lakini nyingine zilitoka jikoni.

Kulikuwa na mama anaitwa Georgia Gilmore, mpishi kwenye mgahawa. Aliuza sandwichi za kuku kwenye mikutano, halafu akawakusanya wanawake wengine wapike nyumbani keki na mikate ya matunda, wauze saluni, kwenye teksi, hata kwa wazungu. Jioni ya mkutano anasimama mbele ya watu anakabidhi fedha. Wale wanawake wengi walikuwa wameajiriwa majumbani kwa wazungu, jina la mtu likijulikana kibarua kimeota nyasi. Kwa hiyo kikundi kilipewa jina lenye maana ya "kisichotoka popote". Ukiulizwa pesa imetoka wapi, jibu unalo.

King alipokuwa kizimbani Machi 1956 kwa kuongoza mgomo, Gilmore alipanda kizimbani akaeleza jinsi dereva alivyochukua nauli yake, akamwambia ashuke apandie mlango wa nyuma, akashuka, basi likaondoka na pesa yake. Baada ya hapo kazi akapoteza. Akaanza kupikia sebuleni kwake na King na wenzake wakawa wateja. Mimi nauza chakula, najua kupika kwa ajili ya watu 20 kwenye jiko la familia maana yake nini. Nyumba inageuka yote kuwa sufuria.

Mwanafunzi wa Sheria

Wakuu, yule wa kidato cha sita msimbeze sana. Kesi iliyoua ubaguzi kwenye mabasi ni Browder dhidi ya Gayle. Gayle ndiye meya. Walalamikaji walikuwa wanawake wanne na Rosa Parks hayumo, kwa sababu kesi yake ilikuwa ya jinai kwenye mahakama za jimbo na ingeweza kukwamishwa huko miaka. Mmoja wa wanne hao ni Claudette Colvin, binti aliyekamatwa kwenye basi Machi 2, 1955, miezi tisa kabla ya Parks, akiwa na miaka 15. Wakili, Fred Gray, alikuwa na miaka 25 tu. Juni 5, 1956 majaji wawili kati ya watatu wakasema ubaguzi huo unavunja Katiba, na Mahakama Kuu ya nchi ikathibitisha Novemba 13.

Kwa hiyo kisheria, hata wangepanda mabasi kila siku, hukumu ingetoka vilevile.

Mzee wa Relini (Tabora)

Mwanasheria, kesi umeipanga sawasawa. Hilo la mwisho silikubali. Angalia madai yao ya kwanza. Hawakudai kufuta ubaguzi! Walidai lugha ya heshima, madereva weusi kwenye njia za mitaa ya weusi, na anayewahi akae: weusi waanzie nyuma, wazungu waanzie mbele. Hapa Tabora hili halitushangazi. Januari 1958 TANU ilikaa mji huu huu ikakubali kuingia kwenye kura tatu, mpigakura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na waliotaka isusiwe walikasirika sana. Mtu anaomba kidogo kwanza.

Wazungu wa Montgomery wakakataa hata hicho kidogo. Meya akajiunga na baraza la wazungu wabaguzi. Januari 30, 1956 nyumba ya King ikalipuliwa. Siku mbili baadaye, Februari 1, ndipo Fred Gray akafungua kesi ya kutaka yote. Siku hiyohiyo ya Februari bomu likatupwa kwa Nixon. Kwa hiyo kesi imezaliwa ndani ya mgomo, tena watu wakiwa bado barabarani. Bila mgomo ungempata wapi mama wa kuweka jina lake kwenye karatasi? Hata kwa wanne hao alikuwepo wa tano, akajitoa kwa hofu.

Na hii mpelekeeni yule bwana kijiweni. Novemba 13 King alikuwa mahakamani Montgomery, jiji linaomba magari yale ya kuchangia yapigwe marufuku. Katikati ya kesi mwandishi wa habari akaleta karatasi: Mahakama Kuu imewapa ushindi. Jaji wa jimbo bado alipiga marufuku magari siku hiyohiyo. Waraka rasmi wa hukumu haukufika hadi Desemba 20. Zaidi ya mwezi mzima watu wana hukumu mkononi, hawana magari, na basi hawakupanda. Zikatimia siku 381. Hapo mbwembwe iko wapi?

BajajiMwanga (Kigoma)

Marahaba zote kwenu, na wewe mzee shikamoo. Nimewasomea kijiweni kwa sauti, wa kidato cha sita anasema "nilisema mahakama, na mahakama imo". Sawa, tumempa nusu.

La mwisho: baada ya hapo mabasi yalikuwa shwari? Na Rosa Parks alirudi kwenye cherehani yake?

Mzee wa Relini (Tabora)

Marahaba. Hayakuwa shwari. Kabla Desemba haijaisha mabasi yalipigwa risasi na mama mmoja mjamzito akajeruhiwa miguu. Januari 1957 makanisa manne yakalipuliwa usiku mmoja.

Parks kazi ya dukani ilikuwa imeota mbawa tangu mwanzoni mwa 1956. Mwaka 1957 yeye na mumewe wakahamia Detroit, akashona tena huko, hadi 1965 mbunge John Conyers alipomwajiri ofisini kwake. Alifanya kazi pale mpaka alipostaafu 1988.

Mama Nuru wa Gungu

Na Gilmore aliendelea kupika hadi siku ya kufa kwake, 1990. BajajiMwanga, kesho saa saba nitume chakula Mwanga, bei ya kijiweni ni ileile.