Tovuti yangu ya picha Google haionekani kabisa, msaada wakuu

MpigaPicha_Kirumba
Wakuu habari za jioni. Mi napiga picha za harusi, sendofu na kicheni pati hapa Mwanza, nina banda dogo Kirumba. Mwezi wa tatu dogo mmoja wa chuo alinitengenezea tovuti kwa WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, imekaa poa sana, ukifungua tu unakutana na bibi harusi na nyuma yake jiwe la Bismarck jua linazama. Shida hakuna anayeiona. Nikiandika mpiga picha harusi Mwanza wanakuja wengine, na kuna ambao kazi zao nazijua hawanifikii hata robo, nimeshuka mpaka ukurasa wa sita hola. Nikadhani ni simu yangu, nikamwambia shemeji yuko Dar ajaribu, naye hola. Kuna jamaa akasema nimpe laki 2 aniwekee linki 500 za tovuti nyingine zinazoelekeza kwangu niwe namba moja ndani ya wiki mbili, nikampa nusu, sasa wiki ya tano hii simu hapokei. Nakosea wapi?

Mzee_wa_Mwaloni
Hiyo laki ishaliwa na sangara, isamehe.

DadaNyegezi
Kaka, kabla ya yote ingia Google andika site: halafu jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Isipokuja kitu, Google haijakuandika hata kwenye daftari lake, sasa namba moja unaitoa wapi wakati namba yenyewe huna. Kwa WordPress mara nyingi ni tiki moja tu, fundi akiwa anajenga anazuia injini za utafutaji zisiingie, akimaliza anasahau kuitoa. Nenda Settings, kisha Reading, teremka chini utaiona. Ukiitoa fungua Search Console, sehemu ya Google ya wenye tovuti, bure kabisa, thibitisha domeini (anwani ya tovuti) ni yako upeleke saitimapu, yaani orodha ya kurasa zako. WordPress toka toleo la 5.5 la 2020 inaitengeneza yenyewe, ongeza /wp-sitemap.xml mwisho wa anwani, ila ile tiki ikiwepo nayo haitoki.

Fundi_Buzuruga
Linki lakini ndo kila kitu dada, mtoe tu kwa huyo jamaa atafute mwingine wa kweli

DadaNyegezi
Linki ni kama kura ndiyo, Google ilianzia hapo toka 1998. Ila kura za kununua walishazishtukia zamani, 2012 wakaleta kitu wanaita Penguin kwa ajili ya hao hao, saiti zikaporomoka nyingi tu. Kaka shukuru kama hizo 500 hazikuwekwa. We ongea na ukumbi unaopigia picha kila Jumamosi, MC, mpambaji, wenye tovuti wakutaje na kuunganisha kwako. Tano za hivyo zinatosha kuanzia. Halafu swali, hiyo tovuti ina maneno kweli au picha tupu?

MpigaPicha_Kirumba
Picha tupu dada. Hata jina na bei viko ndani ya picha, dogo alidizaini vikapendeza.

DadaNyegezi
Basi hapo ndo penyewe. Mteja anaandika "picha za sendofu Ilemela" na kwako neno sendofu halipo popote, kichwa cha ukurasa nina uhakika kimeandikwa Nyumbani. Andika kwa maneno ya kawaida unafanya nini na wapi, kila kazi ukurasa wake, chini ya picha weka sentensi moja, na faili usiliache na jina la kamera kama DSC_0412. Picha zipunguze pia, za MB 8 kwa bando la mtu aliyeko Ukerewe haimalizi kufunguka anaondoka.

Mama_Zawadi
Mdogo wangu na banda liweke kwenye ramani ya Google, bure, wateja wakuandikie maoni. Mi mpambaji wangu nilimpata hapo, sikufungua hata tovuti yake.

MpigaPicha_Kirumba
Dada tiki nimeikuta imekaa kama mwenye nyumba!! Miezi yote hii. Dogo nimempigia anacheka anasema alipitiwa. Nimeitoa, maneno nimeanza kuandika jana usiku, kumbe kazi kuliko kupiga picha.

MpigaPicha_Kirumba
Siku ya tisa leo. Jina langu linatoka la kwanza. Mpiga picha harusi Mwanza niko ukurasa wa nne, chini ya yule yule ambaye picha zake zote zina ukungu.

Mzee_wa_Mwaloni
Na yule wa laki?

MpigaPicha_Kirumba
Hapatikani.