Tupeane uzoefu: mlimfundishaje mtoto sauti za wanyama wadogo kwa Kiingereza?

Wadau, habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la pili, shule ya inglishi midiamu hapa Moshi. Kukariri anakariri: panya "squeak", kifaranga "cheep", nyuki "buzz". Ukimuuliza kifaranga mwenyewe analiaje, kimya, maana kuku anayemjua ni wa kwenye friza. Jumamosi nikampeleka kwa bibi yake Kibosho. Tetea alikuwa uani anawaita wanawe kwenye punje za mahindi, kok-kok-kok, sauti ya chini ya harakaharaka. Nikamwambia ndiyo "cluck" hiyo. Mara mwewe akapita juu. Tetea akapiga ukelele mmoja mkali, vifaranga vyote vikapotelea kwenye majani ya migomba. Hajaacha kusimulia. Nyie wenzangu mlifanyaje?

Mfugaji, Ngaramtoni: Wangu wamejifunzia bandani. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi joto 32 hadi 35 hivi. Baridi ikiwaingia wanarundikana chini ya taa na kulia kwa nguvu bila kupumzika. Joto likizidi wanakimbilia pembeni, midomo wazi. Usiku mwanangu ndiye huniamsha: "Baba, wana-cheep tena!" Neno hilo hatalisahau, lina kazi.

Mama wa Marangu: Mbona vitabu vyao havina perere? Mnyama wa saizi ya sungura, ingawa kiukoo yuko jirani na tembo. Usiku anaanza kama mlango mbovu, sauti inapanda, inapanda, mpaka inakuwa mayowe. Wajukuu wa Dar walihamia kitandani kwangu wote. Niliwaambia kwa Kiingereza waandike "scream", hakuna linalofaa kuliko hilo.

Mwalimu, Sakina: Mimi nimeacha orodha ubaoni. Narekodi kwa simu, wanasikiliza kwanza, neno linafuata. "Purr" iliwasumbua sana, wengi walidhani paka anaumwa kifua. Nikawaambia wakifika nyumbani waweke sikio ubavuni mwa paka aliyetulia mapajani. Kesho yake kila mmoja alitaka kuigiza.

Mleta mada: Mwalimu, hizo rekodi naziomba. Mama wa Marangu, shikamoo. Desemba tukipanda huko tutaomba malazi, binti anataka kumsikia perere mwenyewe.