Mjadala: Unataka kazi ya kusaidia watu? Basi usianzie NGO

Karani wa Rejista (mwenye mada)

Jumamosi nilikuwa harusi ya binamu yangu huko Kasarani. Meza yetu kulikuwa na msichana amemaliza kampasi juzi, sosholojia, anauliza wakubwa afanye nini juu anataka kazi ya maana, kazi ya kusaidia watu, hataki ile ya kukaa ofisini ukingoja tu mwisho wa mwezi. Meza nzima ikamwambia tafuta NGO. Mimi nikanyamaza nikala pilau. Maneno yamenijia leo, nayaleta hapa mnipinge.

Miaka sita nilikuwa karani wa data kwa kliniki ya VVU huku Eastlands, mradi wa pesa za Wamarekani. Kazi yangu ilikuwa kujua nani alifaa kuja Jumanne kuchukua dawa na hakuja. Unafungua rejista, unapiga simu, ikiwa mteja hapatikani unampa CHP (mhudumu wa afya wa mtaani) jina anaenda mpaka kwa mlango. Kuna mama alikuwa anauza mutura, tulimtafuta mara tatu anatukwepa, mara ya nne akaja mwenyewe na mutura imefungwa kwa gazeti, ya sisi wote. Baada ya mwaka virusi vyake vilishuka mpaka mashine haivioni. Hakuna mtu ataniambia hiyo haikuwa kazi ya maana.

Sasa, tarehe 20 Januari 2025 Trump anaapishwa, siku hiyohiyo anasimamisha misaada ya nje siku 90 ati ikaguliwe. Sisi tulijulishwa kwa meseji. Tukaja kuchukua vikombe vyetu na masweta. Ufunguo wa kabati la mafaili ulikuwa kwangu, nikampa nesi wa kaunti. Kile chumba tulikuwa watu kumi na mmoja, akabaki yeye peke yake, na foleni nje ni ileile. Ilipofika Julai hata USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa. Ule mpango wa Wamarekani wa dawa za VVU ulianza 2003, yaani zaidi ya miaka ishirini, na wiki moja ikatuonyesha nani alikuwa kwa payroli ya nani.

Hoja yangu ndio hii. Kabla hujauliza nataka kusaidia nani, uliza nani atalipa hii kazi mwaka wa kumi. Soma kitu mji utahitaji hata mfadhili akiamka vibaya: unesi, uhasibu, maji na mabomba, sheria. Pigeni hesabu, saa 40 kwa wiki, wiki 50, miaka 40, hiyo ni saa 80,000 umepewa maisha yako yote. Mimi kama 12,000 zilizimika kama tokeni za stima.

Mhasibu Upper Hill

Nakuunga mkono na nitakupita kidogo. Mimi pia nilisomea hayo ya jamii, nikatarmac miaka miwili nikitafuta kazi, nikarudi nikafanya CPA, mitihani ya uhasibu. Sai niko hesabu kwa kampuni, na kila mwezi elfu kumi na tano inatoka kabla sijalipa rent, inaenda kusaidia. CHP analipwa 5,000, nusu kaunti nusu serikali kuu, na si kila mwezi inaingia. Kwa hivyo mimi mmoja nikikaa kwa kiti changu ni kama CHP watatu. Ningeenda mtaani ningekuwa CHP mmoja, tena mbaya, juu mimi na watu hatuwezani.

Jirani wa Huruma

Swali langu ni moja tu, hiyo pilau ilikuwa tamu?

Mama Wawili Dandora

Kaka wa Upper Hill hongera, lakini hiyo elfu kumi na tano inaonekana wewe huna ndugu 😂 Mshahara wa Nairobi ukiingia unakuta watu wamepiga foleni tayari, karo ya dogo, dawa ya presha ya mzee, michango ya matanga kwa grupu tatu za WhatsApp, na bado hujanunua unga. Mimi na wenzangu wanne tulimaliza 2009 tukaapa tutafute pesa kwanza halafu turudi Dandora tufungue maktaba ya watoto. Mpaka leo tuko na grupu inaitwa MAKTABA. Tunatumiana mimu za Arsenal.

Na mwenye mada nikuulize, hiyo "mwaka wa kumi" yako ungemuuliza Wangari Maathai angejibu nini? Alianza mambo ya miti 1977 akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. 1982 akajiuzulu agombee ubunge, wakamzuia kusimama, akirudi chuo anaambiwa nafasi ilijazwa, na nyumba ya chuo pia atoke. Huo ni mwaka wa tano tu na hana kazi hana nyumba. 1989 ndio hiyo alisimama peke yake jengo la ghorofa sitini lisijengwe Uhuru Park, na leo sisi sote tunapeleka watoto huko Jumapili. Angefuata ushauri wako angefunga mdomo afundishe anatomia ya ng'ombe mpaka pensheni.

Nesi Bado Nipo

Mimi ndio huyo nesi anabakigi na ufunguo. Si kliniki ya mwenye mada, ni nyingine, lakini hadithi ni hiyohiyo.

Nataka tu mwache kuongea kama serikali ni mwamba. Wale wahudumu wa afya wa UHC, ule mpango wa serikali wa afya kwa wote, waliajiriwa 2020 kwa kontrakti, zaidi ya elfu nane nchi nzima, wengine ndio walitubeba wakati wa korona. 2025 walikuwa wanalala nje ya Afya House, ofisi za Wizara ya Afya, kwa matandiko wakidai waajiriwe vizuri. Madaktari 2024 waligoma siku 56, na shida kubwa ilikuwa hao maintani, madaktari wa mwaka wa mazoezi, mkataba unasema walipwe 206,000 kwa mwezi serikali inasema ina 70,000. Kwa hivyo hiyo "soma unesi mji utakuhitaji", ndio, mji unakuhitaji, kukulipa ni maneno mengine kabisa. Niko na wasichana wawili nyumbani wana leseni za unesi na wanauza mitumba Gikomba, na wodi yetu usiku nesi ni mmoja, wagonjwa arobaini.

Na ile siku wenzangu kumi wakaenda, mjue sikulia juu ya mshahara wao. Nililia juu mimi najua kudunga sindano na kuandika dawa, lakini sijui nani anaishi wapi. Hiyo walikuwa nayo wao kwa kichwa. Kompyuta ilibaki, password ikaenda.

Kijana wa Mukuru

Nimesoma yote na naona tunabishana payroli tu, ya Mmarekani ama ya kaunti ama ya kampuni. Wacha niwaambie venye mimi niliingia, na haikuwa kwa meza ya harusi.

Huku kwetu Mukuru, mtaa wa mabanda, 2017 kaunti ilitangaza eneo maalum la mipango, yaani kabla mtu ajenge ama abomoe lazima kwanza kuwe na mpango. Hiyo haikushuka kutoka City Hall hivi hivi. Kulikuwa na watu wa Muungano wa Wanavijiji, kikundi cha wakaaji wa mitaa ya mabanda, ambao wako tangu 1996, wanahesabu kila kitu. Nami nilikuwa kijana sina kazi, nikapewa upande mmoja wa tepu ya kupima. Unasimama kwa mlango wa mtu, unauliza watu wangapi, choo mnalipa ngapi, maji mtungi ngapi, stima unaunganishiwa na nani (hapo wanakuangalia vibaya). Familia zaidi ya laki moja, jamani. Na ndio tukapata kitu tulikuwa tunakijua kwa mdomo tu, kwamba lita kwa lita mtu wa mabati hulipa maji ghali kuliko mtu wa bomba huko Lavington. Ukiwa nayo kwa karatasi afisa hawezi kukwambia unapayuka.

Halafu wataalamu wa mipango ya miji wakakaa na sisi, mawakili wakakaa na sisi, wanafunzi wa vyuo wakakaa na sisi, kila mtu na kiti chake. Huyo wakili hakuwa na kazi ya maana kuliko mimi. Bila mimi hajui choo kiko wapi, bila yeye ile karatasi ni ya kufungia njugu. 2020 ile NMS, idara ya serikali kuu iliyopewa huduma za Nairobi, ikaingia na barabara na maji. Imekamilika? Wapi! 2024 mafuriko yalipokuja tinga zikabomoa watu kando ya mto na mpango uko kwa droo. Lakini nikipita kwa lami pale Kwa Reuben najua kona gani tulibishana.

Kwa hivyo mwenye mada, kile hukubali ni kwamba hizo saa 12,000 hazijazimika. Nesi hapo juu amekwambia. Ziko kwa kichwa chako, unajua milango.

Mhasibu Upper Hill

Sasa nikija Mukuru nitashika tepu upande gani?

Kijana wa Mukuru

Kuja kwanza. Tuna chama cha akiba cha akina mama, vitabu vya hesabu vimewashinda, usitume pesa.

Karani wa Rejista (mwenye mada)

Nimepigwa na nimekubali nusu.

Dada wa Dandora, Wangari ni mfano mgumu sana, na hata yeye alikuwa na PhD tangu 1971, na wale wanawake wa miche walikuwa wanapewa senti chache kwa kila mche ulioshika, na sehemu ya hizo pesa ilitoka kwa Wanorwe na Umoja wa Mataifa. Mfadhili alikuwepo. Tofauti ni kwamba mfadhili angeenda, mwanamke wa Murang'a bado anajua kuotesha mche. Sisi kliniki tulifundishwa kujaza fomu ya mfadhili, tena kila miezi mitatu fomu inabadilishwa. Hapo ndio pananiuma, kuliko hata mshahara.

Nesi, umenimaliza. Password ya watu wetu pia nilienda nayo. Si kwa ubaya, hakuna mtu aliuliza. Jana usiku baada ya kusoma yako nimempigia nesi wetu, kwanza akanitukana kidogo kiutu uzima, halafu akanisomea majina tisa hawajaonekana tangu Machi. Saba nawajua wanaishi wapi. Wawili walihama.

Yule msichana wa harusi sijampa ushauri wowote. Nimemuunganisha na CHP mmoja wa Huruma, Jumamosi wanazunguka pamoja, milango ishirini na ngazi zile mnazijua. Nimemwambia avae viatu flati.