Ushauri wakuu: nachomelea mwaka wa sita, ramani sijui kusoma

Mchomeleaji_Nkuhungu
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Dodoma, umri miaka 28. Kazi nilijifunzia karakana ya mjomba Chang'ombe: nikaanza kushika vyuma, nikapewa grinda, mwisho mashine. Mageti, grili, kenchi za chuma, vitanda vya hosteli, hivyo vyote nafanya na wateja wananirudia.

Kinachonikwamisha ni ramani. Mteja wa geti huja na picha kwenye simu, nachora kwa chaki sakafuni, tunaelewana. Lakini tangu serikali ihamie huku kazi zimebadilika. Mtu anakuja na karatasi imejaa mistari, mishale, pembetatu na vibendera, anakuuliza, "Hii unaisoma?"

Je, mtu anaweza kujifunza kwa wiki moja au mbili? Nianzie wapi? Naombeni msaada, usingizi umepungua.

Kibaigwa_Asilia
Nenda VETA Dodoma, chuo cha ufundi stadi, mdogo wangu. Ulizia kozi fupi, na ulizia pia urasimishaji wa ujuzi. Ule ni utaratibu wa watu kama wewe mliojifunzia mtaani: wanakupima, wanakuongezea ulipopungukiwa, unapata cheti. Vijana wengi wanaogopa darasa bure.

Mzee_Karakana
Umenikumbusha mbali, mwanangu. Mwaka 1991 nilipewa kutengeneza ngazi ya chuma ya ghala huko Manyoni. Mchoro ulikuwa na sura tatu, yaani ngazi ileile imechorwa ikitazamwa kutoka pande tatu. Ile ya chini nikadhani ni ngazi ikitazamwa kutoka chini, kumbe ni ya kutoka juu. Kwenye mfumo wa Ulaya, ambao ndio tulioachiwa na Waingereza, sura ya juu huchorwa chini ya sura ya mbele, na ya kulia huwekwa kushoto. Wamarekani wao ya juu wanaiweka juu. Ngazi yangu ikageukia ukutani. Nililipa vyuma kutoka mfukoni na mke wangu alikuwa mjamzito. Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote, soma kile kisanduku cha kona ya kulia chini: mfumo wa sura, skeli, vipimo vya milimita au la, na herufi ya toleo. Ukikuta toleo C na wewe umeshika B, usikate chuma.

Mtoto_wa_Bahi
Wiki moja? Hata mimi naitaka hiyo kozi, niwe injinia kabla ya mwisho wa mwezi 😂

DadaFundi_Kizota
Kaka, mbona wiki moja au mbili? Kwa nini si miezi mitatu? Una kazi gani mkononi?

Mchomeleaji_Nkuhungu
Ni kazi ya kawaida tu ya chuma, dada. Nataka kujiendeleza. Nguzo nne, pleti chini, na vyuma vya mshazari.

DadaFundi_Kizota
Nguzo nne za nini?

Kibaigwa_Asilia
Mleta uzi, nguzo nne na mishazari ni kibanda au ni mnara? Sema tukusaidie.

Mchomeleaji_Nkuhungu
Ni mnara wa tenki la maji. Mita 6 kwenda juu, tenki la lita 10,000. Ni shuleni, upande wa Chamwino. Nimeshapokea malipo ya awali na vyuma nimenunua.

Kabla hamjanisema: niliulizwa kama nasoma ramani nikasema ndiyo. Ningesema hapana, kazi ingeenda kwa mwingine ambaye huenda hajui pia. Nina mtoto yuko darasa la kwanza na mashine ya mkopo. Na mkono wangu naujua, sijawahi kuchomelea kitu kikaachia.

Mama_wa_Watatu
Mwanangu, mimi si fundi, nauza maandazi Majengo. Lakini lita 10,000 za maji ni tani kumi, na chini yake watoto wanakinga maji. Ulichosema ni uongo, na uongo huu una uzito. Mrudie aliyekupa kazi umwambie.

Mtoto_wa_Bahi
Mama kafunga mjadala.

Kongwa_Upepo
Watu wanaangalia uzito tu. Tenki likiwa tupu ndipo upepo unapata nafasi. Dodoma ya mwezi wa saba hadi wa tisa mnaijua. Tenki tupu juu ya mita 6 linasukumwa, nguzo za upande mmoja zinataka kung'oka, na kinachozishika ni pleti za chini na boliti za kwenye zege. Hapo ndipo penye weldi, ule mshono wa kuchomelea, wa kuangaliwa sana.

Ukweli_Mtupu
Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Kwanza ilikuwa kujiendeleza, ikaja nguzo nne, ikaja mnara, sasa watoto wa shule na mkopo. Mwaka jana tulipikiwa hivihivi, ila ile ilikuwa Singida na kisima. Kazi ya shule ina injinia wake, haipewi mtu kwa kuulizwa swali moja. Mnajichosha.

Mtoto_wa_Bahi
Sasa umesema 👀

Kibaigwa_Asilia
Hata mimi nimeanza kusita. Mleta uzi, uko wapi?

DadaFundi_Kizota
Kuna njia rahisi. Kaka, chukua mchoro, tazama nguzo inapokutana na pleti ya chini. Andika hapa kila unachokiona, hata usichokielewa. Mtu wa chai hawezi.

Mchomeleaji_Nkuhungu
Si chai. Mkandarasi ndiye aliyepewa kazi, mimi amenipa sehemu ya vyuma. Injinia yupo, nimemwona mara moja.

Mchoro huu hapa. Mshale unagusa kona ya nguzo na pleti. Mshale unapopinda kuna kaduara. Kutoka hapo kuna mistari miwili, mmoja mzima, mwingine wa vipandevipande chini yake. Juu ya ule mzima kuna pembetatu, kushoto kwake wameandika a4. Nguzo ni skwea paipu 100 kwa 100 unene 5. Mishazari ina alama kama hiyo, lakini ina kabendera.

DadaFundi_Kizota
Huyu mchoro anao. Sasa sikiliza kaka, usiruke neno.

Pembetatu ni weldi ya kona. Ikikaa kwenye mstari mzima, unachomelea upande ule mshale unapogusa. Ingekaa kwenye mstari wa vipandevipande, ungechomelea upande wa nyuma. Kaduara maana yake unazunguka kote, pande zote nne za nguzo. Kabendera maana yake weldi hiyo inafanyika saiti baada ya kusimamisha, si karakana. Ukiimaliza Nkuhungu, mnara hautapanda lori, na ukipanda, mashimo ya boliti hayatakubali.

Na a4 ndiyo inayowaponza wengi. Herufi a ni unene wa weldi katikati, kutoka kona ya ndani hadi usoni. Ingekuwa z, ndipo ungepima urefu wa mguu wa weldi ukutani. Ukitaka a, zidisha mguu kwa 0.7. Kwa a4 unahitaji mguu wa karibu milimita 6.

Sasa niambie ukweli. Umeshachomelea?

Mchomeleaji_Nkuhungu
Pleti zote nne, tangu Jumamosi.

Nilipima 4 kwenye mguu. Na nilichomelea upande ulioonyeshwa na mshale pamoja na ule unaotazamana nao, nikiamini nimezidisha usalama. Pande mbili zilizobaki ziko wazi. Hata rangi ya kwanza nimeshapaka.

Mzee_Karakana
Mguu wa 4 unakupa unene wa 2.8. Halafu nusu ya mzunguko haina kitu.

Pole mwanangu, lakini hapo hujaharibu chuma. Weldi ndogo inaongezwa, isipokuwa haiongezwi juu ya rangi. Piga grinda hadi chuma king'ae, kagua kama kuna nyufa au vitundu, ndipo upitishe nyingine. Kila ukipitisha, gonga ganda, safisha kwa brashi ya waya. Pembe za nguzo usianzie wala kuishia hapo, zunguka nazo. Ila yote hayo baada ya injinia kuona. Usifukie.

Ukweli_Mtupu
Bado naona hadithi imepangwa vizuri mno.

Mama_wa_Watatu
Wewe hata ikiwa hadithi, tenki kama hilo lipo mahali. Mwache ajibu.

Mchomeleaji_Nkuhungu
Nimetoka kuongea na injinia. Nilimpigia nikajisikia mikono inatetemeka kuliko siku ya kwanza kushika mashine. Nimemwambia ramani sikuisoma sawasawa na pleti zimekosewa. Alinyamaza, akauliza nimejuaje. Nikamweleza a na z. Anakuja kesho saa tatu, amesema nisiguse chochote, na kila alama ya mchoro tutaipitia pamoja kwa kalamu nyekundu. Kazi hajaniahidi kama itabaki kwangu.

VETA nitakwenda Jumatatu kuulizia kozi fupi. Dada, nadhani unayo geji, kile kifaa cha kupimia weldi. Naweza kuiazima nipime mwenyewe nimwonyeshe injinia kabla hajapima yeye?

DadaFundi_Kizota
Ungesema "yeye ndiye atapima" nisingekupa. Njoo Kizota saa moja kasoro asubuhi, kabla sijafungua karakana. Njoo na mchoro wenyewe, picha ya simu haitoshi. Na ukwangue rangi pleti moja usiku huu, nataka kuona weldi yenyewe.

Mchomeleaji_Nkuhungu
Injinia kasema nisiguse.

DadaFundi_Kizota
Sawa, basi usiguse. Njoo na mchoro tu.