Mahubiri ndani ya basi: ujasiri wa imani au kelele?

Mleta mada, Mbale
Ndugu zangu, mimi ni mlokole, nalisema mapema msije mkadhani napiga vita Injili. Jumamosi nilipanda basi Kampala. Tukisubiri lijae, akaingia muhubiri na spika ya mkononi, betri kaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alipofika katikati akamwona mama wa hijabu, amempakata mtoto aliyelala. Akamwelekezea spika: "Wewe, moto unakusubiri!" Mtoto akashtuka, akalia. Mama akageuzia uso dirishani. Kisha bahasha ya sadaka ikapita, na mimi nikatia shilingi 1,000. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Naomba tujadili: wenye mabasi wayakataze mahubiri haya? Au tukiyakataza tutakuwa tumemwonea haya Kristo?

Muuza mitumba, Owino
Yasikatazwe! Mimi niliokokea sokoni, kwa muhubiri wa spika kama huyo, siku ambayo nilikuwa nimeshanunua sumu ya panya kwa sababu ya deni. Angengoja nimwite, ningekuwa kaburini. Paulo alimwambia Timotheo, "lihubiri neno, uwe tayari, wakati ukufaao na wakati usiokufaa." Basini wanapiga miziki ya matusi kutoka Jinja mpaka Mbale, wote mmekaa kimya. Jina la Yesu likitajwa ndipo masikio yanauma.

Bodaboda, Kawempe
Katiba ya 1995, ibara ya 29, inampa uhuru wa kuabudu. Sijaona palipoandikwa kwamba inampa na abiria ambao wameshalipa nauli na hawawezi kushuka.

Katekista, Tororo
Dada wa mitumba, namshukuru Mungu kwa uhai wako, sina utani hapo. Lakini aya hiyo umeikata mkia. Inaendelea: "karipia, kemea, na kuonya kwa uvumilivu wote na mafundisho." Uvumilivu wote, dada. Kumtisha mama aliyepakata mtoto ni uvumilivu gani?

Halafu hilo soko lenu. Sote twaliita Owino, ila jina lake ni Mtakatifu Balikuddembe. Oktoba 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Yusufu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi mkubwa ndani ya jumba la Kabaka, mtu wa kula na kulala vizuri. Akamkemea Mwanga kwa mauaji hayo. Tarehe 15 Novemba akauawa Nakivubo, jirani kabisa na vibanda vyenu. Masimulizi ya Kanisa yanasema alimpa mnyongaji ujumbe: mwambie Mwanga nimemsamehe, lakini atubu. Mnaona? Ukweli hakuupunguza, na chuki hakuitia. Tena aliyemkemea ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumkata kichwa. Yule wa basini kamchagua nani? Mtu ambaye hawezi kumjibu.

Mzee wa Bombo
Salaam. Mimi ni Mwislamu, Mnubi, naingia kidogo tu. Mkiisema Namugongo, pale mashahidi walipochomwa moto, semeni yote. Kabla ya Wakristo wa 1886, baba yake Mwanga, Mutesa, aliwaua vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Kwa hiyo huyo mama wa hijabu naye ana mashahidi wake. Kusimama kwenye imani hakufundishwi na basi.

La pili. Februari 1977 maaskofu waliandika barua kulalamikia mauaji, wakampelekea Amin. Haikupigiwa spika. Tarehe 16 Askofu Mkuu Luwum wa Anglikana akauawa, serikali ikatangaza ajali ya gari. Sisi wa rika langu tuliisikia redioni, na hata watoto hawakuamini. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa na mimi Mwislamu naiheshimu. Mtu wa namna ile akinihubiria, nitakaa nimsikilize.

Muuza mitumba, Owino
Mzee, shikamoo. La spika mnaweza kunishinda. La kunyamaza, hapana. Wakristo wa siku hizi adabu imewazidi mpaka hawashuhudii hata kwa jirani.

Konda wa njia ya Mbale
Wakubwa, kukataza ni kazi bure. Ukimfukuza mlangoni anapandia dirishani, nimeona kwa macho yangu. Mimi nina sharti langu: zima spika, dakika tano, uombe ruhusa kwa abiria kwanza. Wiki iliyopita kijana mmoja aliomba, mzee wa kiti cha nyuma akasema hataki, kichwa kinamgonga. Kijana akasema, "Pole mzee, safari njema," akashuka. Tulipoondoka yule mzee akaniuliza kijana anasali wapi.

Mleta mada, Mbale
Konda, sharti lako nalichukua. Dada, na wewe umenigusa, maana sikumwambia muhubiri neno, wala sikumwambia yule mama pole, na tulikaa kiti kimoja. Alishuka Iganga. Alhamisi narudi Kampala, na Ijumaa jioni nitakuwa stendi ileile. Nikimkuta jamaa nitamvuta pembeni kabla hajawasha spika. Mwenye wazo la namna ya kuanza maneno hayo bila ugomvi aniandikie hapa, kwa sababu mimi mwenyewe nina hasira za karibu.