Lile ghorofa la mita 530 Guangzhou, hoteli, ofisi na makazi vinakaaje humo humo?

Chuma_Kkoo
Wakuu habari zenu, kwa mnaofuata mzigo Guangzhou, China, kuna lile ghorofa jeupe pale Zhujiang New Town, CTF Finance Centre, naambiwa ndani kuna maduka, ofisi, apatimenti za kuishi na juu kabisa hoteli. Sasa mgeni wa hoteli anagombania lifti na mtu anayewahi kazini? Na kwa nini hoteli iende juu, si chini ndo rahisi?

MamaMzigo
Hagombanii mdogo wangu, kila kundi lina mlango wake na lifti zake, ndani hukutani nao. Labda mkutane pale chini kwenye maduka.

fundi_nondo
Mkuu hilo swali tamu. Ofisi zina watu wengi na wote wanapanda asubuhi ile ile, kwa hiyo lifti zake ni nyingi, ukiweka ofisi chini, lifti hizo zinaishia njiani na mashimo yake hayali nafasi ya huko juu. Halafu chumba cha hoteli lazima kiwe na dirisha, kinafaa kwenye sakafu nyembamba, ofisi ndo inataka sakafu pana. Angalia lile jengo kwa nje, kila matumizi yanapobadilika linajikata na kurudi ndani kidogo, yani unasoma kabisa ofisi zinaishia hapa makazi yanaanzia hapa, kwangu mimi huo ndo usanifu wa heshima. Ule weupe ni vigae vya udongo wa kuchoma, sio kioo kitupu. Na jirani yake, ghorofa lingine refu linaitwa IFC, ya 2010, ghorofa 103, mapokezi ya hoteli yako ghorofa ya 70! Kuanzia hapo katikati wameacha uwazi mpaka juu, vyumba vimeuzunguka. Inapendeza mno.

Juma_Tz88
Lifti za CTF ni Hitachi, mita 1,200 kwa dakika, toka ghorofa ya kwanza hadi ya 95 sekunde kama 43, na wanarekebisha presha ya hewa ndani masikio yasizibe

Chuma_Kkoo
Shukrani sana wakuu. Nafikia mtaa wa Xiaobei, nafikaje pale CTF?

MamaMzigo
Panda metro laini namba 5 hapo hapo Xiaobei, hubadilishi, shuka Zhujiang New Town. Nenda jioni usimame Huacheng Square, IFC upande mmoja CTF upande wa pili na mnara wa Canton Tower ng'ambo ya mto.