Mjadala: Je, halmashauri iruhusiwe kuzika tena kwenye makaburi ya zamani?

Mtoa mada
Wakuu, halmashauri nyingi huanza kutafuta ardhi ya makaburi siku yaliyopo yamejaa. Hapo ardhi iliyobaki iko mbali, au ni ya chepechepe, au majirani wameshaikataa. Napendekeza jambo ambalo najua litawaudhi wengi: kaburi la umma litolewe kwa muda, tuseme miaka 30, na familia iwe na haki ya kuuongeza. Asipotokea wa kuuongeza, azikwe mwingine hapo.

Tupige hesabu. Kaburi moja pamoja na njia ya kupita tulihesabie mita 5 za mraba. Hekta moja inabeba makaburi 2,000. Mji unaozika watu 1,000 kwa mwaka utamaliza hekta 30 katika miaka 60, na bado utadai nyingine. Ukizungusha makaburi kila baada ya miaka 30, hekta 15 zinatosha ilimradi vifo visiongezeke. Vitaongezeka, kwa sababu vijana waliojaa mijini leo ndio wazee wa kesho, na ndiyo maana ni lazima tuanze sasa.

Wapo waliotangulia. Singapore tangu mwaka 1998 kaburi ni la miaka 15. Baada ya hapo mabaki hufukuliwa, na wale ambao dini yao inataka wazikwe huzikwa upya katika nafasi ndogo zaidi. Ujerumani nako kaburi hupewa kwa muda, si milele.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Nani atashindwa kuongeza muda? Ni mjane aliyehama kwa kukosa kodi, ni watoto waliotawanyika kutafuta kazi. Mwenye uwezo atalipia mzazi wake alale pale pale, maskini atafukuliwa. Umaskini umwandame mtu hadi kaburini, halafu tuite huo mpango wa maendeleo?

Mtoa mada
Hoja yako ina uzito, na naibeba: kuongeza muda kusiwe kwa pesa. Kuwe kwa kujitokeza na kusema "huyu ni wetu". London ina sheria ya mwaka 2007 inayoruhusu mabaraza yake kutumia tena kaburi lililokaa miaka 75 bila mazishi mapya. Tangazo hutolewa kwanza, na ndugu akipinga, kaburi haliguswi. Mabaki yenyewe hayatupwi. Kaburi huchimbwa zaidi, yakashushwa chini, mwingine akazikwa juu yake.

Mchangiaji wa pili
Mnazunguka mbuyu. Jengeni tanuri la kuchomea maiti. Japani karibu kila anayekufa huchomwa, Uingereza ni takriban wanne kati ya watano. Kanisa Katoliki lenyewe liliondoa katazo lake mwaka 1963, ingawa linapendelea maziko na halitaki majivu yatawanywe. Majivu yanaenea kwenye chombo kimoja, ugomvi wa ardhi umekwisha.

Mchangiaji wa tatu
Haujakwisha, ndugu yangu. Mimi ni Mwislamu na kwangu kuchoma maiti ni haramu. Sri Lanka mwaka 2020 serikali iliamuru wote waliokufa kwa korona wachomwe, japo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesema kuwazika kunafaa. Waislamu walichomewa hadi vichanga vyao, na amri haikuondolewa mpaka Februari 2021. Uchungu ule haufutiki kwa kuomba radhi. Nikisikia "jengeni tanuri, yamekwisha", naogopa siku litakapokuwa ndilo chaguo pekee lililobaki.

Ila kwa mtoa mada nina la kuongeza. Wanazuoni wengi wa fiqhi wameruhusu kaburi litumike tena mwili ukishageuka udongo. Sharti ni hilo la udongo. Halmashauri isitaje miaka 30 kwa kubuni, maana kwenye mfinyanzi uliolowa mwili huchelewa kuoza kuliko kwenye mchanga mkavu. Udongo upimwe kwanza.

Mchangiaji wa pili
Nimekuelewa, na sikusudii kumlazimisha yeyote. Lakini geuza upande: Mhindu asiye na tanuri katika mji wake husafirisha maiti mbali ili atimize wajibu wa dini yake. Naye analipa kodi. Ninachokubali ni kwamba tanuri linakula nishati nyingi, moto wake hupita nyuzi 800, na zebaki ya kwenye meno yaliyozibwa hutoka na moshi usipochujwa. Askofu Desmond Tutu alipofariki mwishoni mwa 2021, mwili wake uliyeyushwa kwa maji na alkali badala ya moto. Halmashauri itazame na njia hiyo kabla ya kununua mtambo wa kuutumia miongo mitatu.

Mchangiaji wa nne
Nimewahi kutunza rejista ya makaburi, hivyo niseme la ofisini. Mnashindana 30 au 75, lakini bila kumbukumbu hakuna kaburi hata moja linaloweza kutumika tena kwa haki. Nimeona vitabu vilivyoliwa na mchwa, namba zilizorudiwa, na makaburi ambayo hakuna anayejua nani kalala humo. Tangazo mtampelekea nani?

Yafuatayo yanaweza kuanza hata kesho na hayahitaji sheria mpya. Kila kaburi lipate namba yake kwenye ramani. Kina chake kiandikwe, pamoja na mawasiliano ya ndugu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Na pale maji ya ardhini yalipo mbali, kaburi lichimbwe tangu mwanzo kwa kina cha watu wawili, ili mume na mke wapate kulala pamoja. Hapo mmeokoa nafasi bila kumfukua mtu.

Mchangiaji wa kwanza
La kina cha watu wawili nalikubali bila shida. Kwa kufukua, msimamo wangu haujabadilika: miaka 30 ni michache, mtoto aliyezika mama yake akiwa na miaka 10 bado atakuwa hai na akili zake timamu. Iandikwe kwamba kaburi haliguswi maadamu mtoto wa marehemu yu hai, iwe amejitokeza au hajajitokeza. Mtoa mada, hilo utaliweka?